Sauti ya Zambarau

Katika korali ya parokia yao pale Kalemie, besi wote waliingia pamoja isipokuwa Papa Hippolyte. Si kwamba alikuwa mtu wa kuchelewa. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya reli, na hata baada ya kustaafu alifika kanisani kabla mlango haujafunguliwa, akasimama nje kumngoja sakristani kwa uso wa lawama. Lakini ukifika wakati wa kuimba, alingoja. Wenzake waingie kwanza, neno likae vizuri vinywani mwao, ndipo naye ashushe sauti yake nene inayotikisa mabenchi, nyuma yao kidogo, kama mwenye nyumba anayefunga mlango wageni wote wakishaingia.

Papa Sébastien, maestro wa korali, mtu mwembamba mwenye wasiwasi mwingi, alikuwa amejaribu kila njia. Siku moja alimwendea kwa maneno ya kuzunguka.

"Papa Hippolyte, wazee walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

"Miye nimezaa tisa," Papa Hippolyte akamjibu, "na wote wananifanana."

Mazungumzo yakafia hapo. Papa Hippolyte alikuwa mwenyekiti wa komite, na mbuzi wa sikukuu kila mwaka alitoka nyumbani kwake. Papa Sébastien akajifunza kuishi naye, kama mtu anavyoishi na jirani mwenye jogoo.

Émérence aliimba alto, safu moja mbele ya besi, na sauti ile ilikuwa ikimpitia kisogoni kila Jumapili. Hakuwahi kuiona kuwa ni tatizo mpaka siku alipotakiwa kuiandika.

Parokia ilikuwa inakaribia yubilei yake, na korali moja ya Moba ilialikwa ije kwa boti kuimba pamoja nao. Wimbo mkuu ungekuwa "Tumevuka", ambao Papa Sébastien aliutunga mwenyewe akiwa kitandani na malaria, na ambao haukuwahi kuandikwa mahali popote. Watu wa Kalemie walijifunza nyimbo kwa masikio. Wale wa Moba walikuwa watu wa noti. Maestro wao, mwalimu mmoja aitwaye Papa Eugène, alijulikana kando yote ya ziwa kwamba haimbi kitu ambacho hakijaandikwa, wala haachi kuimba kitu kilichoandikwa. Akatuma ujumbe mfupi: "Mutume karatasi."

Mwenye kompyuta kati yao alikuwa Émérence, sekreteri katika biro moja karibu na bandari. Binamu yake wa Lubumbashi alikuwa amemwekea programu ya kuandika muziki, naye hakuwahi kuifungua. Sasa akaifungua. Jumamosi nzima alikaa barazani akiibonyeza hapa na pale, na kabla ya jua kushuka alikuwa ameipenda.

Ilikuwa programu yenye adabu zake. Juu ya mistari mitano ileile unaweza kupanga mpaka sauti nne, na kila sauti ina rangi yake: ya kwanza buluu, ya pili kijani, ya tatu rangi ya machungwa, ya nne zambarau. Mikia ya noti za sauti moja inaangalia juu, ya nyingine inaangalia chini, isije ikachomana macho. Na kila kipimo, yaani kile chumba kidogo kati ya mistari miwili ya wima, lazima kijae. Ukiweka noti moja fupi ukaiacha peke yake, programu yenyewe inajaza mahali palipobaki kwa alama za kimya, kama mama asiyekubali mgeni aondoke na sahani tupu. Hilo lilimfurahisha Émérence kupita yote. Kumbe hata kunyamaza kunaandikwa.

Akaiandika "Tumevuka", soprano na alto kwenye mistari mitano ya juu, tenori na besi kwenye mitano ya chini, safi kama nguo ya ubatizo. Siku ya mazoezi akaweka kompyuta juu ya meza ya katekista na kuiacha iimbe. Ilikuwa inaimba "aaa" tu, bila maneno, lakini kila sauti mahali pake. Watu wakapiga makofi. Papa Sébastien akafuta macho kwa kitambaa. Papa Hippolyte hakupiga makofi.

"Ni muzuri," alisema. "Lakini miye siko."

"Uko, Papa. Besi njo hii ya kijani."

"Hiyo ya kijani ni ya hawa wengine. Piga tena." Émérence akapiga tena, naye mzee akainamisha sikio mpaka likakaribia kugusa kioo. "Unasikia? Pale ningeingia, hakuna muntu."

"Papa, kwenye karatasi besi wote wanaandikwa pamoja."

"Sababu gani? Kule kwetu Kiambi tuliimba pande mbili za Luvua. Wa ng'ambo wanaanza, sauti inavuka maji, inakufikia, njo unajibu. Ukiingia sauti haijafika bado, unaimba na nani? Miye sichelewi, mutoto yangu. Ninasikia kwanza."

Papa Sébastien aliangalia dari. Kisha akasema kwa sauti ya mgonjwa, "Mama Émérence, mutie Papa."

Basi Jumamosi iliyofuata Émérence akaenda na kompyuta yake nyumbani kwa Papa Hippolyte, wakaketi uani. Jambo la kwanza lilikuwa rangi. Émérence alikuwa amemwekea sauti ya tatu, ile ya machungwa.

"Hiyo ni rangi ya jile ya watu wa moto," mzee akasema, na kweli wakati uleule dereva wa pikipiki alikuwa anapita njiani ameivaa. "Nipe ile ingine. Ile ya askofu."

Wakahamia zambarau.

Jambo la pili ndilo lilimshangaza Émérence. Alikuwa amedhani kuchelewa kwa mzee ni ovyo, leo kidogo, kesho zaidi. Alipomwimbisha sehemu yake akaisikiliza mara nyingi, akakuta kuna utaratibu. Kila mara nusu ya pigo, wala si zaidi. Alama ndogo ya kimya, halafu noti, halafu noti hiyo inazidi mwisho wa kipimo na kumwagikia katika chumba cha jirani, ikishikwa kwa upinde. Programu ilikubali kila kitu. Mwishoni tu ndipo iliposumbua, maana "Amina" ya Papa Hippolyte haikuenea ndani ya wimbo. Wimbo ulikuwa umekwisha na yeye bado. Ikabidi Émérence aongeze kipimo kizima kwa ajili yake peke yake, sauti nyingine zote zikiwa kimya, na mzee alipokiona kwenye kioo, chumba kitupu chenye noti moja kubwa ya zambarau katikati, akakigusa kwa kidole.

"Hapo," alisema, "njo miye kabisa."

Ukishaonja kuandika ukweli, kuandika uongo kunakuwa kugumu. Émérence alirudi nyumbani akaitazama karatasi yake, na mengine yote yakaonekana ya kubuni. Ngoma, kwa mfano. Alikuwa ameziandika mbili-mbili, lakini Didier wa ngoma alipiga tatu kwa mkono mmoja na mbili kwa mwingine. Akamwita Didier, akayapanga mapigo ya mikono yote miwili, moja juu ya lingine, mpaka yakapatana. Didier akasikiliza akasema, "Ni miye. Lakini haitoki jasho."

Halafu kikohozi. Mama Victorine, kiongozi wa soprano, muuza mawese mwenye sauti ya kuvuka soko zima, alikuwa na tabia ya kusafisha koo kabla ya ubeti wa tatu. Yeye mwenyewe hakujua. Lakini soprano wengine wote walikitegemea kikohozi kile. Ndicho kilichowaambia kwamba wakati umefika. Émérence alipowajaribu kwa karatasi isiyo nacho, hawakuingia, walisimama wakitazamana. Basi akakiandika. Akatafuta noti yenye kichwa cha msalaba, ile ya sauti isiyo na wimbo, akaiweka mahali pake kwenye pigo la nne, na chini yake akaandika: khm.

Papa Sébastien alipoletewa karatasi aliishika mbali na uso. Noti zilikuwa zimetapakaa kama ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, walioanikwa mchangani.

"Wa Moba wataelewa?" aliuliza.

"Wa Moba wanasoma, Maestro. Kitu kikiandikwa, wanaimba." Émérence alisema hivyo kwa majivuno kidogo.

"Ile ya zambarau, hatuwezi kuifuta? Polepole tu?"

"Tunaweza. Wewe njo utamwambia Papa Hippolyte?"

Papa Sébastien akamwaza Papa Hippolyte, akamwaza na mbuzi. "Tuma," alisema.

Ikatumwa kwa simu. Baada ya siku chache Papa Eugène akajibu kwa sauti iliyonyooka kama shati lililopigwa pasi. "Mama Émérence, tumepokea. Kazi ni nguvu lakini ni ya maana. Hatukujua kama Kalemie mumefika mbali hivi. Kuna neno moja linatushinda, hilo khm. Ni Kitabwa, ao Kiluba?"

Émérence alikuwa kazini, mteja amesimama mbele yake na mizigo. Akaandika haraka: "Ni ya koo."

Papa Eugène akasoma. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kwake yeye koo zilikuwa ukoo huu na ukoo ule. Akawaambia wanakwaya wake kwamba khm ni ya koo za watu wa kule, jambo la mababu, si la kuchezea, na kwamba watakapofika hapo wainamishe vichwa.

Siku ya yubilei ziwa liliamka na upepo. Boti ya Moba, iliyotakiwa kufika mapema ili korali mbili zifanye mazoezi pamoja, ilichelewa nje ya bandari ikirushwa huku na huku, na Wanamoba walipoingia kanisani mahubiri yalikuwa yamekwisha kabisa. Waliingia kwa mstari, wamevaa mashati meupe, suruali zimelowa mpaka magotini, kila mmoja ameshika karatasi yake ndani ya mfuko wa plastiki. Hapakuwa na nafasi hata ya kusalimiana. Komunyo ikapita, Padri Jean-Pierre akaketi, na Papa Sébastien akainua mikono.

Ubeti wa kwanza ulianza vizuri. Soprano, alto, tenori. Kisha besi wa Kalemie wakaingia mahali pao, na nusu ya besi wa Moba pamoja nao. Émérence akavuta pumzi akingoja ile sauti ya kisogoni.

Haikuja kutoka kisogoni. Ilikuja kutoka kushoto. Safu yote ya nyuma ya Moba, wanaume wenye vifua kama mapipa ya bandarini, wakaingia nusu pigo nyuma ya wenzao, wote kwa pamoja, wakakata pamoja, wakavuka mwisho wa kipimo pamoja. Papa Eugène aliwachagua wazito kuliko wote kwa sauti ile ya zambarau, maana iliandikwa chini kabisa na ilionekana kubeba nyumba. Kuchelewa kwa mtu mmoja ni kuchelewa. Kuchelewa kwa safu nzima, kwa usahihi ule, kulikuwa kama kanisa limepata ghorofa ya chini. Émérence alihisi nywele zikimsimama. Ilikuwa nzuri.

Kisha akakumbuka kugeuka kumtazama Papa Hippolyte.

Papa Hippolyte alikuwa amefumba macho, kinywa wazi kidogo, bado hajaimba. Alikuwa anasikia kwanza. Desturi yake ilikuwa kungoja mpaka besi wa mwisho aingie, na leo besi wa mwisho walikuwa hawa wageni. Kwa hiyo aliwangoja nao. Walipokwisha kutulia, akaingia nyuma yao.

Papa Eugène akashtuka kama aliyeumwa na siafu. Akaitazama karatasi yake. Akageuza ukurasa, akaurudisha, akahesabu sauti kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, tano, akamtazama mzee wa sita, akaitazama tena karatasi. Safu yake ya nyuma, ikiona maestro amepauka, ikadhani imeingia mapema, ikajivuta kidogo. Papa Hippolyte, kwa heshima, naye akajivuta. Mwisho wa ubeti wa pili alikuwa nyuma ya kanisa zima kwa mstari mzima wa maneno, ametulia, ana furaha, anaimba "umetushika mkono" wakati wenzake wako kwenye "tukafika ng'ambo".

Ikaja nafasi ya kabla ya ubeti wa tatu. Mama Victorine alikuwa amekwisha kukusanya kikohozi chake. Kabla hajakitoa, soprano wote wa Moba wakainamisha vichwa, na kwa pigo la nne, kwa sauti moja, kwa unyenyekevu mkubwa, wakasema: khm.

Mama Victorine alikimeza chake. Akaanza ubeti wa tatu na koo lililojaa, na sauti yake iliyozoea kuvuka soko ikatoka kama ya kuku aliyekaliwa. Soprano wenzake waliingia bila shida, maana kikohozi walikisikia, na hawakujali ni cha nani. Ila bibi wawili wa benchi la mbele, waliodhani ni kiitikio, waliinamisha vichwa nao wakajibu, khm. Nyuma yao wakajibu wengine. Ikaenda benchi kwa benchi mpaka mlangoni. Didier, ambaye katika maisha yake hakuwahi kupoteza pigo, alilipoteza.

Kukawa na "Amina" ya kwanza. Padri Jean-Pierre akasimama, akafungua mikono. "Bwana awe..."

"Amina," wakasema besi wa Moba.

Padri akangoja. Alikuwa mtu mvumilivu. "Bwana awe nanyi..."

Ndipo ikaja "Amina" ya Papa Hippolyte, peke yake katika chumba chake, ndefu, nene, mabenchi yakitetemeka, na ilipokwisha hakuna aliyethubutu kusogea. Padri alibaki amefungua mikono, akiitazama korali upande hadi upande.

"Imeisha, Padri," Papa Sébastien akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa amekaa chini kwenye ngazi ya altare.

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Watu walisema hawajawahi kusikia kitu kama kile, na hilo lilikuwa kweli.

Baada ya misa, bukari na mbuzi na samaki wa kuhe vilipangwa uani, na Émérence akatafuta kona ambako hakuna atakayemwona. Papa Eugène alimwona. Alikuja na karatasi yake mkononi, akasimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Mama Émérence, utusamehe. Tumewaangusha. Kuna sauti ya sita hatukuiona. Tumeitafuta siku zote hizi na hatukuiona."

Émérence angeweza kunyamaza, lakini uso wa yule mwalimu ulikuwa mnyofu mno. Akamweleza yote: Papa Hippolyte, Luvua, rangi ya askofu, kipimo kilichoongezwa. Papa Eugène alisikiliza bila kukatiza.

"Sasa ile sauti ya zambarau tuliyoimba," alisema mwishoni, "ni muntu mumoja."

"Ndiyo, Papa."

"Na khm? Ile ya koo?"

"Ni koo ya Mama Victorine. Anakohoaka."

Papa Eugène aligeuka akawatazama watu wake. Walikuwa wanakula kwa fahari ya watu waliofanya kazi ngumu vizuri. Mmoja wa soprano alikuwa anamwonyesha bibi wa Kalemie jinsi ya kuinamisha kichwa.

"Tusiwaambie," alisema.

Hapo akatokea Papa Hippolyte na sahani yake. Émérence akajiandaa kwa lolote, aibu ama hasira. Mzee aliishika mikono ya Papa Eugène, akaitikisa kwa nguvu.

"Papa Eugène, una besi wa kweli. Wana sauti, wana nidhamu. Kitu kimoja tu." Akashusha sauti asije akawaumiza. "Wana haraka kidogo. Lakini bado ni vijana. Nikipata boti nitakuja kule niwafundishe."

"Karibu sana, Papa," akasema Papa Eugène, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa anasema kitu ambacho hakikuandikwa popote. Wakaondoka pamoja kuelekea kwenye sufuria ya mbuzi, mzee akimweleza habari za mto.

Émérence akabaki na sahani yake. Alikuwa amenyofoa kipande cha kwanza cha kuhe Mama Victorine alipokuja akaketi kando yake, kwa uzito, bila salamu.

"Kikohozi changu umekiandika."

"Ndiyo, Mama."

"Miye nilikuwa sijui kama ninakohoa."

"Kila mara, Mama. Ubeti wa tatu."

Mama Victorine alitafakari. Alitazama upande wa Wanamoba, akatazama mikono yake mwenyewe, akatazama juu.

"Na wale wote wamekisoma. Muntu na karatasi yake."

"Wote, Mama."

"Wakainamisha kichwa." Akachukua bonge la bukari kutoka sahani ya Émérence, akalichovya, akala polepole. Halafu akatoa kipande kikubwa cha samaki kwenye sahani yake mwenyewe, akakiweka katika ile ya Émérence. "Kula, kinapoa."